Bampa la Gari: Kulifungua Bila Kulivunja

Leo tutaeleza habari za bampa la gari. Huenda utasema, "Mimi sina gari. Bampa linanihusu nini?" Subiri kidogo. Gari likinasa matopeni kijijini, wanaoitwa kulivuta ni wewe na mimi. Kijana wako akienda kujifunza ufundi gereji, kufungua bampa ni kazi mojawapo atakayopewa mapema. Na mkulima wa kahawa akiuza vizuri akanunua gari lililokwisha kutumika, nyuma ya bampa ndiko atakakojua kama gari lile liliwahi kugongwa. Kwa hiyo jambo hili linatuhusu sote.

Magari tunayosema si malori wala Land Rover. Ni yale magari madogo yaliyoinuka kidogo kutoka chini, ambayo mtu wa mjini huendea kazini na mtu wa kijijini huweza kupandia mlima. Toyota RAV4 ilianza kuuzwa mwaka 1994, Honda CR-V mwaka 1995, na Nissan X-Trail mwaka 2000. Mengi huja nchini yakiwa yametumika Japani, na hushushwa bandari ya Dar es Salaam. Huku kwetu utayaona barabara ya Songea na Mbinga. Utayaona yakishuka milima kwenda Mbamba Bay. Utayaona pia barabara ya Kitai kwenda Lituhi, yakipishana na malori ya makaa ya mawe ya Ngaka, ambako uchimbaji mkubwa ulianza mwaka 2011. Lori likipita hurusha mawe, na mawe hayo hupiga mbele ya gari dogo. Mbele ya gari ni bampa.

Bampa la zamani na bampa la sasa

Wazee wanalikumbuka bampa la Land Rover. Lilikuwa chuma kinene, kimefungwa kwa bolti chache kwenye chesisi. Ukitaka kulitoa unachukua spana, unafungua bolti, limetoka. Ukitaka kuvuta gari unafunga kamba hapo hapo. Watoto walikalia, mbuzi walifungwa, na bampa halikusema neno.

Bampa la gari la siku hizi ni kitu kingine kabisa. Lile unaloliona kwa nje, lenye rangi sawa na gari, ni ganda la plastiki tu. Halina nguvu ya kubeba hata mtu aliyelikalia. Nyuma yake, katika magari mengi, kuna sponji ngumu. Nyuma ya sponji kuna chuma kilicholala kutoka kulia hadi kushoto, na chuma hicho ndicho kilichofungwa kwenye mwili wa gari. Kwa hiyo bampa la sasa ni vitu vitatu: ganda, sponji na chuma.

Kwa nini wamelitengeneza hivyo? Fikiri mtu anakurushia boga. Ukiweka mikono migumu, boga hupasuka au mikono huuma. Ukirudisha mikono nyuma kidogo wakati unalipokea, boga linatulia. Sponji hufanya kazi ya ile mikono inayorudi nyuma. Gari likigonga kitu polepole, ganda hubonyea, sponji husagika, na nguvu ya kugonga hupungua kabla haijafika kwenye chuma, rejeta na injini. Mtu akigongwa mguuni, ganda na sponji ni afadhali kwake kuliko chuma kitupu. Wale wanaotoa bampa wakaendesha gari na chuma kikiwa nje, eti gari lionekane la kazi, wafikirie miguu ya watoto wanaotoka shule.

Matopeni

Hapa tutakaa kidogo, maana mabampa mengi ya huku huharibikia matopeni kuliko katika ajali.

Mvua zetu hunyesha kwa nguvu kuanzia Desemba hadi Aprili. Gari dogo linapita, linateleza, linanasa. Wananchi wanakuja kwa moyo mwema. Mmoja anashika bampa upande wa kulia, mwingine kushoto, wanavuta: "Haya, twende!" Ganda linatoka na gari linabaki. Au mtu anafunga kamba kwenye bampa, trekta linavuta, bampa linakwenda na trekta. Tumeona bampa limefungwa tena kwa waya wa seng'enge, na namba ya gari inaning'inia.

Gari lina mahali pake pa kuvutia. Tazama vizuri kwenye bampa la mbele: katika magari mengi kuna kifuniko kidogo cha plastiki, cha mraba au cha duara. Kibandue taratibu. Ndani utaona tundu lenye nyuzi kama za nati. Sasa fungua sehemu ya nyuma panapokaa jeki na spana ya magurudumu. Hapo hukaa chuma chenye pete. Kifunge kile chuma kwenye tundu mpaka mwisho, ukikaze kwa kutumia spana ya magurudumu. Kamba ifungwe kwenye pete. Magari mengine yana ndoano ya chuma chini, mbele au nyuma. Vuta kwa kunyoosha mbele, si kwa pembeni. Watu wasisimame karibu na kamba, kwa sababu kamba ikikatika hupiga kama mjeledi.

Kama ni kusukuma kwa mikono, yafaa wasukumaji waweke viganja mahali palipo na chuma nyuma yake, wasisukume katikati ya ganda wala kwenye taa.

Mzee na klipu zake

Mzee mmoja wa huku bampa lake lilivutwa namna hiyo. Upande mmoja ulining'inia. Akalipeleka kwa fundi.

"Mzee, bampa hili limekwisha," fundi akasema. "Nunua jingine."

"Limekwishaje, kijana wangu? Mbona halina ufa?"

"Halishiki tena, mzee."

Mzee hakuridhika. Akaenda kwa kijana mwingine, jirani yake, aliyekuwa na subira. Kijana akalitoa bampa lote, akaliweka juu ya mkeka, akahesabu. Klipu 6 zilikuwa zimekatika na bolti 2 zimepotea. Ganda lenyewe lilikuwa zima. Walinunua klipu na bolti, basi. Bampa likarudi mahali pake na mpaka leo lipo.

Tunasimulia habari hii ili uelewe kwamba ganda hushikwa na vitu vidogo vidogo vingi. Mtu asiyejua hivyo huvuta kwa nguvu, na akivuta kwa nguvu huvunja masikio ya ganda yanayopokea klipu. Masikio yakivunjika, hapo ndipo unaposikia neno "nunua jingine".

Vifaa, karatasi na makopo

Kwa kazi hii utahitaji spana au soketi namba 10, maana bolti nyingi za bampa katika magari ya Japani ni za namba hiyo. Tafuta bisibisi ya nyota na bisibisi bapa, iliyo nyembamba. Tafuta brashi, maji, na mkeka au blanketi kuukuu. Tafuta na mwenzako mmoja, maana ganda si zito lakini ni refu. Likishikwa na mtu mmoja hupinda na kukwaruza rangi ya gari.

Halafu tafuta karatasi, kalamu na makopo matupu, au viberiti. Ndugu yetu uliyehitimu kisomo, hapa una faida kubwa kumshinda fundi asiyependa kuandika. Bolti za bampa hufanana lakini hazilingani. Nyingine ni fupi, nyingine ni ndefu, nyingine zina washa pana. Ukiweka bolti ndefu mahali pa fupi unaweza kutoboa kitu nyuma. Kwa hiyo kila unapofungua, andika: "Juu, bolti 2, klipu 6." "Gurudumu la kulia, bolti 1." Karatasi iingie ndani ya kopo pamoja na bolti zake. Mafundi wengi huweka bolti zote katika sufuria moja, halafu jioni wanazitazama kama mtu anayetazama punje za mahindi.

Gari lisimame mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa, mawe yamewekwa kwenye magurudumu, injini imezimwa na imepoa. Sasa funua boneti, uchomoe waya wa betri wa upande wa hasi, yaani wenye alama ya kutoa (–). Sababu ni hii: magari haya yana mifuko ya hewa inayofumuka ghafla wakati wa ajali kumkinga dereva na abiria. Vipimo vinavyoamuru mifuko hiyo ifumuke, baadhi yake hukaa mbele, karibu na bampa. Umeme hubaki kidogo hata baada ya kuchomoa waya. Vitabu vya Toyota husema usubiri angalau sekunde 90. Sisi tunasema subiri dakika tano, kunywa maji. Na ukikuta waya au soketi ya rangi ya njano huko mbele, usiichomoe wala usiigonge. Magari yanayotumia petroli pamoja na umeme yana pia waya wa rangi ya chungwa. Huo umebeba umeme wa kuua. Usiuguse kabisa.

Bampa la mbele

Kwanza osha. Topetope likikaukia kwenye bolti huificha, na bolti usiyoiona ndiyo itakayovunja bampa.

Anza juu. Boneti ikiwa wazi, utaona mstari wa klipu za plastiki nyeusi juu ya grili, na pengine bolti mbili. Klipu ina sehemu mbili: kichwa kipana, na msumari mdogo katikati. Ingiza bisibisi bapa chini ya ule msumari, uuinue. Msumari ukiinuka, klipu yote hutoka bila ugomvi. Ziko klipu za aina nyingine ambazo msumari wake husukumwa ndani kidogo, halafu klipu hutoka. Nyingine zina alama ya nyota, unazizungusha kwa bisibisi. Ichunguze moja kabla hujazishika zote. Ukiichokonoa klipu kwa kichwa chake bila kuachia msumari, itakatika.

Kuhusu baridi tuseme neno moja. Plastiki ikipata baridi huwa kavu na hukatika upesi. Asubuhi za Juni na Julai huku milimani Umatengoni si wakati wa kufungua bampa. Ngoja jua lipande, gari lipate joto. Watu wa Lituhi na Mbamba Bay, kule ziwani kwenye joto, hawana tabu hiyo.

Kisha nenda kwenye magurudumu. Pale ambapo bampa linakutana na madigadi, ndani ya upinde wa gurudumu, kuna bolti au skrubu, kila upande. Ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Kama mkono hauingii, piga jeki, weka stendi imara, vua gurudumu. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Halafu lala chini mbele ya gari. Hapo ziko bolti na klipu zinazoshika ukingo wa chini wa bampa pamoja na kinga ya injini. Hesabu, fungua, andika.

Sasa mwenzako asimame upande mmoja, wewe upande mwingine. Shikeni kona ya bampa karibu na gurudumu, mvute kwa nje, taratibu. Mtasikia "ta! ta! ta!" Hiyo ni sauti ya meno ya plastiki yakiachia reli yake, wala si kuvunjika. Pande zote mbili zikiachia, vuteni mbele kidogo tu. Kama mahali fulani panagoma, acheni. Pana bolti bado. Rudini mkaitafute. Fundi mzuri tunamtambua hapa: bampa likigoma, yeye huinama kutazama, haongezi nguvu.

Msiondoke na bampa mara moja. Nyuma yake huwa kuna waya za taa ndogo za ukungu, na katika magari mengine kuna vipimo vya kumwonya dereva anapokaribia kitu. Bonyeza ulimi wa soketi, ichomoe kwa kushika soketi yenyewe, si waya. Kisha pelekeni ganda kwenye mkeka.

Bampa la nyuma

La nyuma ni ndugu yake, kwa hiyo hatutarudia yote. Fungua mlango wa nyuma. Katika magari mengi inabidi kutoa kwanza taa za nyuma, kila moja ina bolti kama mbili, kwa sababu chini ya taa kumefichwa bolti ya bampa. Zipo nyingine ndani ya upinde wa gurudumu, na klipu ziko chini. Angalia pia ukingo wa juu wa bampa, pale unapopitisha mzigo. Huenda kuna vifuniko vidogo vilivyoficha skrubu. Jihadhari na ekzosi kama gari limetoka safari, maana huunguza. Kisha vuteni pembeni kama mlivyofanya mbele, mkikumbuka waya.

Tazama nyuma ya ganda

Bampa limetoka. Sasa tazama kile chuma cha ndani. Je, kimenyooka? Chukua kijiti kirefu, pima kutoka chuma hadi rejeta upande wa kulia, kisha upande wa kushoto. Vipimo vikitofautiana sana, gari lilipata pigo. Je, kuna alama za kuchomelea, au rangi isiyofanana? Je, sponji ipo? Wengine wakigonga, hununua ganda jipya peke yake na kulipaka rangi inang'aa, huku ndani hakuna sponji na chuma kimepinda. Mnunuzi huona uzuri wa nje. Kwa hiyo ukitaka kununua gari, mwombe muuzaji fundi wako afungue bampa mbele yake. Akikataa, jiulize.

Tazama na kutu. Baadhi ya sehemu za Japani zina theluji, na huko barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo hula chuma kimya kimya. Gari laweza kufika hapa likiwa zuri usoni na limeoza nyuma ya bampa. Huku nako tope linalokaa ndani ya bampa hushika unyevu. Likwangue, osha, acha pakauke, paka rangi ya kuzuia kutu.

Mwisho tazama rejeta. Majani na wadudu huziba uso wake, na injini hupata joto kwenye milima yetu. Osha kwa maji ya nguvu ndogo, maana mapezi yake hulala upesi.

Chuma cha ndani kikipinda, kisinyooshwe kwa nyundo wala kuchomelewa kiraka. Kibadilishwe. Ganda likipata ufa, hilo ni jambo jingine, na hapa kusoma kunaokoa fedha. Geuza ganda, tazama kwa ndani. Utakuta herufi zimechapwa kwenye plastiki. Mara nyingi ni PP, au PP ikifuatwa na herufi nyingine. Ni jina la aina ya plastiki. Plastiki ya PP haishikani vizuri na gundi za kawaida, ndiyo maana bampa lililogundishwa hufunguka tena. Hushikana kwa moto, na kwa plastiki ya jamaa yake. Beseni au ndoo mbovu yenye herufi PP, au namba 5 ndani ya pembetatu, waweza kuikata vijiti vya kuchomelea. Yenye HDPE au namba 2 haitashika, hata ikifanana kwa macho. Mafundi huyeyusha ufa kwa chuma cha moto, hulaza waya mwembamba ndani kama mshono, kisha hufunika kwa kijiti. Wenyewe huita kushona bampa. Ifanyike nje, penye upepo, maana moshi wa plastiki ni mbaya kwa kifua. Kijana anayetaka kulijua jambo hili sawasawa aulize pia vyuo vya VETA. Songea kipo kimoja.

Kurudisha

Rudisheni sponji kwanza, halafu waya. Kabla hamjafunga bolti hata moja, rudisheni waya wa betri na kuwasha taa zote. Kama taa haiwaki, ni rahisi kuangalia sasa kuliko baadaye. Kisha pande za ganda ziingie kwenye reli zake mpaka zilie tena. Fuata juu, kisha magurudumu, kisha chini. Bolti zote ziingizwe kwa mkono kwanza, zisikazwe. Zikishaingia zote ndipo kaza, kwa kiasi. Ni plastiki, si daraja.

Namba ya gari ionekane, mbele na nyuma. Washa gari utazame taa ya mifuko ya hewa kwenye dashibodi. Huwaka kwa sekunde chache, kisha huzima. Isipozima, gari liende kwa fundi mwenye kifaa cha kupimia.

Na kama kazi imekwisha na kopo moja lina bolti iliyobaki, usiitie mfukoni. Soma karatasi iliyomo ndani ya kopo hilo, uende upande uliouandika.